Kisu Kilichochelewa

Kinondoni, Jumamosi, 11 Aprili 1953

Bismillahi. Boma wamenipa daftari la kuandika kila risasi: tarehe, mahali, imempata nani. Nimeligeuza huku na huku nikaona halina nafasi ya mtu mwenyewe, basi nimejinunulia hili jingine, nami nitalilaza sandukuni chini ya kanzu ya Ijumaa.

Bunduki imefika leo. Ni mpya kabisa, imefungwa kwa karatasi ya mafuta, na risasi zake ni nyembamba kama kipande cha penseli. Mwaka jana tumbili na kanga wa porini walikula mpunga wetu wote wa bonde la Msimbazi, tukabaki na makapi. Wazee wakapeleka barua Boma kuomba bunduki, jibu likaja kwamba leseni ni ya mtu mmoja tu, na awe mtu wa kuaminika. Mwalimu Hija wa msikiti wetu akataja jina langu, Kondo bin Mwinjuma, na hakuna aliyekohoa.

Najua kwa nini. Miaka kumi na tisa mie ndiye mchinjaji wa mtaa huu. Kuku, mbuzi, ng'ombe wa Idd, wote hupita mkononi mwangu. Hata jirani zetu Wakristo waliotoka bara wakiwa na sherehe huniita niwachinjie, ili sie Waislamu tuweze kula kwao bila wasiwasi.

Nimeinusa bunduki. Naona haya kuandika hivyo, lakini nimeinusa.

12 Aprili

Koplo aliporudi kanisani alivua viatu vyake vya misa, tukashuka bondeni. Koplo ni Audax, Mhaya wa Bukoba, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alipigana Burma, na siku hizi ni karani wa stoo mjini. Tulibandika karatasi kwa uji kwenye ubao wa sanduku la chai, tukachora duara kwa mkaa, tukapima hatua hamsini. Nililala kifudifudi juu ya gunia.

Risasi tano za kwanza zote zilikwenda kushoto, lakini zilikwenda pamoja, zimekaribiana kama watu wa safu moja msikitini. Koplo akafurahi kuliko mie.

"Mzee Kondo, hii bunduki nzuri sana. Inasema uongo uleule kila mara. Ya namna hiyo inarekebishika."

Akagonga kile kinundu cha mbele cha kulengea kwa nyundo na kipande cha shaba, taratibu kama anagonga yai. Nikapiga tano nyingine. Akaenda kutazama, akarudi mbio na karatasi, akaweka juu yake senti kumi, ile yenye tundu katikati. Senti hiyo moja ilifunika matundu yote, isipokuwa moja lililotuchungulia kupitia tundu la senti. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mtu wa miaka arobaini na saba!

"Nyie Wahaya wala senene kumbe mnajua mambo," nikamwambia.

"Senene hana haja na wewe wala kisu chako," akasema. "Hana shingo."

Alasiri niliiswali jua limekwishakuwa jekundu. Naandika kwa kuwa ni kweli.

15 Aprili

Mvua. Kutwa nzima.

18 Aprili

Mvua. Nimeifuta bunduki kwa mafuta mara mbili, na haikuwa imelowa. Mke wangu Mauwa amesimama mlangoni na mwiko: "Naona nimeletewa mke mwenza, na mwenyewe hapiki."

26 Aprili

Tumbili wawili asubuhi, hatua sitini. Wenye mashamba walinipigia vigelegele toka ng'ambo ya maji. Halafu kanga mmoja, nilimpiga kifuani. Nilimkuta anatapatapa, jicho linanitazama, nikamwelekeza kibla nikamchinja, damu ikaruka inavyotakiwa. Lakini jioni Mauwa alitema mfupa uliovunjika mara tatu. Koplo akasema ukimpiga kifuani unaharibu nyama, kanga apigwe kichwa. Kichwa cha kanga ni kidogo kama kokwa ya embe.

Tangu aliposema hivyo sifikirii kingine.

3 Mei

Nimechora kichwa cha kanga kwa mkaa, nikakipiga risasi kumi na nane. Kumi na nne zimeingia. Risasi hizi ni za kulinda mpunga wa watu, si za kulinda karatasi, kwa hiyo katika daftari la Boma nimeandika: "Tumbili, wakakimbia." Ni maneno mawili tu. Nimeyaandika kwa hati nzuri.

9 Mei

Leo nimempata kanga wa kwanza wa kichwa. Hatua arobaini. Alianguka kama kitambaa.

Nilikimbia na kisu. Mabawa yalikuwa yanapiga, miguu inachezacheza. Nikachinja. Damu ilitoka, lakini ilitoka polepole, nzito. Nataka niandike jambo hili vizuri nisije nikajidanganya. Tulivyofundishwa na Mwalimu Hija ni kwamba mnyama wa risasi ni halali ukimfikia angali hai, uhai wa kweli, ukamchinja kwa jina la Mungu. Ukimkuta amekwishakufa, huyo ni mzoga, unamwacha palepale, hata kama una njaa. Nikijiuliza kama yule alikuwa hai, najibu mabawa yalikuwa yanapiga. Nikijiuliza tena, najibu vilevile, upesi upesi.

Tulimla.

14 Mei

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga. Mungu atupokelee.

22 Mei, Ijumaa

Baada ya swala wazee wamekubaliana siku ya chungu cha kumi na saba cha Ramadhani tufuturishe watu wote hapo uwanjani pa msikiti, wapata arobaini. Mpunga upo, nazi zipo. Mwalimu Hija akauliza kitoweo. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Kitoweo niachieni mie. Nitaleta kanga, na kila mmoja atakuwa amepigwa kichwani, nyama nzima nzima." Watu wakasema mashallah. Nimerudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

30 Mei, Jumamosi

Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri.

Tulitoka alfajiri, mie na Koplo, yeye anakuja kutazama tu kwa kuwa anapenda mambo hayo. Mpunga umeanza kuinama. Tulilala nyuma ya tuta, umande umetulowesha mpaka vifuani. Kanga walishuka kutoka vichakani kama ishirini, wakaingia kwenye jaruba la mwisho wanaongea ovyo, wale ndege hawana siri. Nilimlenga mmoja aliyesimama pembeni. Bunduki yetu hii sauti yake ni ya ukuni mkavu kuvunjika, haitishi. Kanga akaanguka, wenzake wakanyanyua shingo, wakatazamana, wakaendelea kula.

Nikashika kisu, nikaanza kuinuka.

"Ukisimama wataruka wote," Koplo akaninong'oneza.

Simlaumu. Alisema neno la askari, na lilikuwa kweli. Mchinjaji si yeye. Nilibaki nusu nimeinuka, goti moja chini, na mbele yangu kuna vichwa vingine vimejipanga kama vilivyochorwa. Nikalala tena. Nikasema moyoni, mmoja tu wa pili, halafu nitakimbia niwachinje wote wawili.

Wa pili, kichwa. Wa tatu, kichwa. Hapo sikuwa tena na kanga mbele yangu, nilikuwa na hesabu. Nakuambia ukweli, daftari, sijawahi kusikia raha kama ile, na nilikuwa nimefunga, na midomo yangu ilikuwa inasema bismillahi kila nilipovuta pumzi, lakini nilikuwa naiambia bunduki. Risasi saba, vichwa saba. Wa nane nilimkosa. Nilikasirika kwa kumkosa! Ndipo wakaruka.

Nilikwenda. Wa kwanza alikuwa na siafu machoni. Jua lilikuwa limekwishachomoza na kupanda, na nilipolala halikuwapo. Wa saba alikuwa bado na joto, lakini shingo imelegea, hakuna kitu. Nimechinja miaka kumi na tisa, mkono wangu unaujua uhai hata nikiwa nimefumba macho. Haukuwamo hata kwa mmoja.

Nilisimama pale. Niliwaza watu arobaini, na Mwalimu Hija aliyekwisha kutangaza. Niliwaza nirudi mikono mitupu niseme nini? Kwamba nililala nikicheza shabaha? Nikawaelekeza kibla mmoja mmoja, nikasema bismillahi kwa sauti kubwa, nikawakata wote saba. Damu ilikuja kama masizi. Sijui ile bismillahi nilimsomea nani, labda Koplo.

"Mzee Kondo," Koplo akasema, "huyo wa kwanza amelala hapo muda mrefu."

"Beba hao watatu."

"Nasema tu kwamba..."

"Koplo. Beba."

Akabeba. Njia nzima alitangulia mbele.

Nyumbani Mauwa alikaa kuwanyonyoa. Akamfungua mmoja, akatulia. "Mbona damu yote imebaki ndani?"

"Kanga ndivyo walivyo," nikamjibu.

Amenipikia miaka ishirini na moja. Aliniangalia kidogo, halafu akaendelea kunyonyoa.

31 Mei

Watu wamefuturu. Wamekula, wameshiba, wamelamba vidole. Mwalimu Hija alichukua paja, akarudia. Mie nilisema jino linaniuma, nikanywa uji. Koplo alialikwa, akaja na kanzu ya kuazima ili afanane nasi, akala tende mbili na tambi. Mwishehe, muuza samaki, akamsogezea sahani: "Kula nyama, Mkristo, usituogope!" Koplo akacheka, akasema leo tumbo lake si zuri. Kwa hiyo tulikuwa wawili tusiokula, na hatukutazamana.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini kuna Bi Chausiku, shangazi yake Mauwa, nyumba ya nyuma yetu. Bibi huyu hali nyama ya bucha, anasema hajui ni mkono wa nani. Hali nyama ya harusi wala ya msiba asipoambiwa nani kachinja. Tangu alipofiwa na mumewe nyama inayoingia kinywani mwake ni ile niliyochinja mie, basi. Walimpelekea sahani upande wa wanawake. Alikula, akaja na fimbo yake mpaka nilipokaa, akanishika mikono yote miwili, akaiombea dua. Mikono, si mie. Aliiombea mikono.

2 Juni

Mji mzima bendera, kule Uingereza wanamtawaza Malkia. Sie huku manyunyu. Sikutoka.

4 Juni

Mpunga wa jirani umeingiliwa na tumbili. Walikuja kuniita, nikasema naumwa. Bunduki sijaigusa tangu siku ile.

Jioni baada ya futari Koplo alikuja uani, akakaa juu ya kinu.

"Unakumbuka Krismasi?" akauliza.

Nakumbuka. Shemeji yake alichinja kuku kabla mie sijafika. Nilifika watu wamekwisha kukaa, nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba Waislamu wasiguse. Mke wake alilia jikoni.

"Siku ile nilikasirika," Koplo akasema. "Halafu nikamwambia mke wangu, usilie, mtu huyu hasemi uongo hata kwa ajili ya kuku. Nilijisifu kwamba nina jirani wa namna hiyo."

Nikaokota ukuti, nikaanza kuuchambua.

"Sie tuna padre. Unapiga magoti, unamnong'oneza, anasikia yeye tu. Nyie mnafanyaje?"

"Sie Mungu anasikia moja kwa moja."

"Basi kwenu ni rahisi."

"Kwa Mungu ni rahisi, Koplo. Mgumu ni Bi Chausiku."

Hakucheka. Akaniaga kwa heshima zote, na heshima yake iliniuma kuliko kama angenitukana.

8 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu Hija. Nimemweleza yote, mpaka ile ya kumkasirikia wa nane. Alisugua goti.

"Na mie nilirudia paja," akasema mwisho.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Waliokula hawakujua, hawana dhambi. Dhambi ni yako. Tubu, Mungu amekusitiri, na wewe jisitiri. Si lazima mtu aianike aibu yake barabarani."

Nilipumua. Nilifika hadi mlangoni. Akaniita.

"Lakini Idd ni juma hili, Kondo. Watu watakuletea kuku. Utawachinjia?"

Nikavaa viatu vyangu nikatoka. Hakunilazimisha.

9 Juni

Nimefunga, nimeswali, nimevuna jaruba moja.

11 Juni

Bi Chausiku ameleta jogoo wake wa Idd. Amekuja naye mwenyewe kwapani, kamfunga miguu kwa ukindu, akasema, "Mwanangu, huyu ni mkubwa, usimwachie mtu mwingine."

Nilimpokea. Jogoo alikuwa ananitazama kwa jicho moja. Nilikuwa nimejipangia kwamba nitatubu kimyakimya, nitachinja kama zamani, vizuri kuliko zamani, na mambo yatakwisha. Sikuweza. Nilimweka jogoo chini, nikamkalisha bibi kwenye kigoda, nikakaa chini mchangani mbele yake, nikamwambia. Nilisema: "Shangazi, wale kanga wa futari walikuwa wamekufa. Nilikata mizoga."

Alifikiri nafanya mzaha. Halafu akaona uso wangu. Hakupiga kelele. Alifuta midomo yake kwa ncha ya mtandio, akafuta tena, akafuta tena, na siku kumi na moja zimepita tangu ale.

"Wote?"

"Wote saba."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nafurahia shabaha. Sikutaka kuinuka."

Hapo alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la lugha nyingine. Kisha akauliza, taratibu sana:

"Na kabla ya hao, wangapi?"

"Hakuna, shangazi. Labda mmoja wa mwezi uliopita, sina hakika naye. Huyo tulimla mie na Mauwa."

"Miaka kumi na tisa, Kondo. Nitajuaje?"

Nilifungua mdomo nimwapie, nikaona kiapo changu ni cha mkono uleule. Nilifunga mdomo. Nilikuwa nimedhani nimeharibu kanga saba. Kumbe nimeharibu kila mlo aliokula bibi huyu tangu ujane wake, na sina shahidi hata mmoja wa kunisaidia kurudisha.

Akainuka. Jogoo alimchukua.

12 Juni, Ijumaa

Nimewaambia wote. Nilimwomba Mwalimu Hija ruhusa baada ya swala, nikasimama pale penye nguzo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakatoka machache. Nilisema nilichofanya, nikasema pia nimeandika uongo katika daftari la Boma na nitakwenda kuusahihisha, nikaomba radhi kwa kila aliyekula.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Nami nilisema mchuzi mtamu!" na wawili wakacheka, wakajizuia. Mzee mmoja alitoka nje akatema mate, akarudi akakaa. Kisha likaja swali lile lile, safari hii kutoka kwa Mwishehe, wala si kwa ubaya: "Mzee Kondo, na ng'ombe wa mwaka jana?"

"Huyo alikuwa hai, Mwishehe. Wewe ndiye uliyemshika miguu."

"Huyo ndiyo. Na wengine ambao sikuwashika?"

Mwalimu Hija akakata maneno. Akasema mtu ameungama mwenyewe bila kushikwa, na asiyemsamehe na ajitazame. Watu wakasema tumesamehe. Walisema kweli, nilisikia sauti zao. Halafu akauliza nani atachinja Idd, na hakuna aliyetaja jina langu, hata mie. Wakamtaja Mwishehe. Mkono wake mzito na kisu chake kina harufu ya samaki, lakini wamemtaja yeye.

Nikasema bunduki nitairudisha. Wazee wakatazamana kwa mshangao. "Ya nini kuirudisha?" wakasema. "Mpunga bado uko shambani, na hapa hakuna anayelenga kama wewe. Tumbili hachinjwi."

Hiyo ndiyo hukumu yao, na walidhani wananihurumia.

Mwezi umeonekana magharibi.

13 Juni, Idd

Niliswali Idd, nikapewa mikono, nikatoa mikono. Nilirudi nyumbani mapema nikakaa kibarazani. Mauwa alitoka jikoni na jogoo wetu. Miaka yote humweka mbele ya miguu yangu na bakuli la maji, na mie nanung'unika kwamba hata siku ya Idd sipumziki. Leo alisita mbele yangu, hatua moja. Hakuwa na hasira, hiyo niliiona. Akapita, akafungua mlango wa ua, akaenda kwa Mwishehe.

Nilisikia jogoo analia njiani, kisha akanyamaza.

Alirudi, akapika. Akapakua sahani ya kwanza, ya Bi Chausiku, akaifunika kwa kawa, akaenda nayo mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Kati yetu na bibi kuna ua wa makuti tu, kila neno hupita. Nilimsikia akibisha. Nilitega sikio nimsikie akitoa mkono wa Idd, maana ndio unaotangulia siku kama hii, kabla ya chakula, kabla ya hata kuulizana hali.

"Hodi, shangazi," alisema Mauwa kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Hii kachinja Mwishehe."

Ndipo nikasikia komeo linaondolewa.